Ski Zilizosimama Wima Msituni

Mwanangu Zaituni,

Goti linaendeleaje? Nataka jibu la kweli, si lile la "niko sharp, Baba" unalonipa kwenye simu huku nakusikia ukivuta pumzi kila unapoinuka kwenye kiti. Mama yako amenikataza kukuuliza kila siku. Nakuuliza kwa barua, maana barua hakuizungumzia.

Barua hii nimeiacha wazi, aisome anayetaka. Siku ile ulipopotea kwenye theluji huko Kanada, watu wengi hapa Johannesburg, Mayfair na Fordsburg, walikuombea, wengine hata sura yako hawaijui. Mpaka leo wananisimamisha njiani: "Fundi, kwani ilikuwaje?" Nimechoka kuwasimulia vipandevipande nikiwa nimeshika kiatu cha mtu. Tena kuna jambo moja ambalo hata wewe hulijui. Kwenye simu nimejaribu kulisema mara nne nikashindwa, na mara zote nne nimeziandika. Liko humu ndani. Usiruke mistari kulitafuta.

Nianze mbali kidogo, kwa ajili ya hao wengine.

Ulikuwa na miaka tisa. Mimi nilikuwa na meza yangu ya kushonea viatu palepale Fordsburg ilipo hadi leo. Asubuhi moja alikuja mtu mrefu, blanketi la Kisotho mabegani, mkononi ameshika buti ambayo sikuwahi kuona mfano wake. Mbele kwenye ncha ilikuwa na kijichuma, kama mdomo wa ndege. Huyo ndiye Ntate Mohale, yaani Mzee Mohale kwa Kisotho. Alikuwa mtunzaji wa nyumba ya wageni milimani, karibu na mpaka wa Lesotho, mahali ambapo miaka mingine theluji huanguka mwezi wa saba. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na msitu wa misonobari, na humo msituni Ntate alikuwa ametengeneza njia za watu kupita juu ya theluji. Alisema ana masanduku ya buti na viatu vya theluji, kamba zimeoza, nyayo zimeachia, na mwaka huu theluji imekuja. Je, naweza kupanda huko siku chache?

Shule zilikuwa zimefungwa. Mama yako alikuwa Tanga kwenye msiba wa bibi yako. Nikakuchukua.

Shajara ya wiki ile ninayo. Imeandikwa hivi: "Jumatatu. Tumefika. Baridi kali. Zaituni ameuliza kama theluji inaliwa. Nimesema hapana. Ameila."

Nilishona siku mbili mfululizo kando ya jiko la kuni. Wewe ulikaa miguuni pangu ukinipa uzi wa nta na kuvipanga viatu kwa ukubwa. Vile vya theluji ulivipa jina ulipoviona tu. Vilikuwa vya duara refu, fremu pembeni na nyavu katikati, ukasema ni nyungo. "Baba, watu wanavaa nyungo miguuni!" Tangu hapo hatukuviita jina lingine. Ungo unaufanya wayo wa mtu kuwa mpana, na mtu hazami. Ski ni kinyume chake, mbao mbili nyembamba, ndefu kuliko mwenye kuzivaa. Buti inabanwa kwenye ncha tu, kisigino kinabaki huru, na mtu anakwenda kwa kusukuma na kuteleza huku ameshika fimbo mbili. Si zile za kujitupa kutoka juu ya mlima. Hizi ni za kusafiria msituni, kwenye tambarare na vilima vidogo.

Siku ya tatu kazi ikaisha, Ntate akasema haiwezekani fundi aondoke bila kujaribu alichokishona. Akatupeleka kwenye njia. Nakumbuka alivyotuonyesha mifereji miwili iliyokwenda sambamba kati ya misonobari, kama reli, akasema huo ni wa ski, na mwenye nyungo apite pembeni, asiukanyage kamwe. Ukikanyaga mfereji umemharibia anayekuja nyuma. Wewe uliishika sheria hiyo kuliko sala zako. Ulitembea pembeni na nyungo zako ndogo, na kila nilipoyumba ulipiga kelele, "Baba, mfereji! Baba, unauharibu!"

Nimeandika: "Jumatano. Nimeanguka mara kumi na moja. Zaituni amecheka mara kumi na mbili."

Ile ya kumi na mbili ndiyo ninayotaka watu waijue.

Adhuhuri ilitukuta juu ya kilima, msituni. Ntate alikuwa ametangulia kuwasha moto nyumbani. Nikasema tuswali hapa. Sasa, mtu aliyekulia Tanga hahitaji kufikiri anapovua viatu ili aswali. Unavua ndala, unaziweka chini pamoja, unazigeuza zitazame nje, ili ukitoka uingize miguu uende zako. Ndivyo nilivyofanya. Nikavua ski, nikazilaza pamoja vizuri, nikazigeuza zitazame tulikotoka.

Tulikotoka kulikuwa mteremko.

Nilikuwa rakaa ya pili, nimesujudu juu ya koti langu, niliposikia mlio kama mkasi unaokata kitambaa kirefu. Kisha sauti yako, ya kunong'ona, maana ulijua baba yako anaswali: "Baba. Baba, zinaondoka." Sikuikata sala. Mpaka natoa salamu ski zilikuwa zimeshafuata mifereji yao kwa adabu zote, moja nyuma ya nyingine, hadi zikapotea kwenye miti. Nikageuka kulia, nikageuka kushoto, nikakuona umeziba mdomo kwa glovu mbili na machozi yanakutoka kwa kicheko.

Tulirudi kwa miguu. Wewe juu ya nyungo zako, mwepesi kama paka. Mimi nazama hadi mapajani, natoa mguu, nazama tena. Uliniuliza kama nataka kuazima ungo mmoja. Ulikuwa wa mguu wa mtoto, lakini uliuliza kwa moyo safi kabisa.

Ntate Mohale aliikuta ski moja imeegemea mti karibu na uzio. Ya pili ilikuwa imelala chini ya theluji, tukaitafuta mpaka kesho yake kwa kuchoma chini kwa fimbo. Hakukasirika. Alizichukua zote mbili, akazichomeka kwenye theluji mbele yetu, zikasimama kama nguzo za goli. Akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu, akikutazama wewe na si mimi: "Ikilala itakukimbia, au itafukiwa. Ukiivua, isimamishe."

Tuliporudi Mayfair ulinitesa kwa hilo. Kila jioni nilikuta ndala zangu zimesimamishwa wima, visigino chini, zimeegemea ukuta. Mama yako alirudi kutoka Tanga akauliza nyumba hii imepatwa na nini. Ukamwambia, "Mama, ndala za Baba zinakimbia." Ukaendelea hivyo mwaka mzima. Kisha ukaniuliza kama kuna nchi ambako theluji haiishi baada ya wiki moja. Nikajibu zipo, mbali sana. Sikujua kwamba nilikuwa nakuelekeza njia.

Sasa nije kwenye ile Jumanne.

Simu ililia baada ya sala ya alfajiri, saa kumi na moja na nusu. Huko kwenu ilikuwa bado jioni ya Jumatatu. Alikuwa Joanna, unayefanya naye kazi ya kutunza njia za msituni. Alizungumza polepole ili nimwelewe. Umetoka mchana peke yako kukagua alama za njia ya juu, umevaa ski, nyungo umezifunga mgongoni. Theluji imeanza kuanguka kwa nguvu. Hujarudi. Simu yako haipatikani. Wametafuta mpaka wameshindwa kuona mbele, na sasa wanasubiri kupambazuke.

Nikamuuliza kutapambazuka lini. Alipotaja saa nikahesabu kwa vidole. Usiku wenu ulikuwa ndio mchana wetu wote. Wewe ulikuwa gizani chini ya theluji, na hapa Johannesburg jua linachomoza, watoto wanavaa sare, mwenye spaza, kile kiduka cha jirani, anafungua mlango.

Mama yako alikunja zulia la sala. Kisha akasema, "Baba Zaituni, nenda kazini. Tukikaa wawili humu ndani tutatishana." Nikaenda. Simu niliiweka mezani, kati ya msharasi na kopo la gundi, nikaanza kushona kiatu kilichokuwa juu ya rundo.

Jirani yangu wa meza ni Mama Furaha, Mkongo, mshona nguo. Unamkumbuka, ndiye aliyekushonea gauni la mahafali. Sikumwambia kitu. Lakini kama saa nne hivi alisimamisha cherehani yake.

"Papa Zaituni, hii kiatu unaishona mara ngapi? Mwenyewe atashindwa kuingizamo muguu!"

Nikatazama. Nilikuwa nimeshona mdomo wa kiatu mpaka karibu unafunga. Hapo ndipo nilipomwambia. Hakusema pole. Alikitoa kiatu mikononi mwangu, akachukua mkasi wake mdogo, akaanza kuufumua uzi wangu, huku midomo yake ikicheza kwa dua. Akimaliza ananirudishia, nashona tena, nakosea tena, anafumua. Tulifanya hivyo mpaka adhuhuri. Alikwenda kuwaambia wa duka la vitambaa, na hao wakawaambia wa msikitini, na ndivyo habari ilivyosambaa.

Niliandika kila saa. Mistari ni mifupi. "Saa tano. Hakuna." "Saa sita. Hakuna. Mama yake amepiga, nimemwambia hakuna." Halafu unakuja mstari ambao ndio nilioshindwa kuusema kwenye simu. Nanakili kama ulivyo:

"Saa saba na robo. Nimetoka kuswali. Nimeweka nadhiri. Zaituni akipatikana hai, atarudi nyumbani, na hatakanyaga theluji tena maisha yake."

Ndiyo hiyo, mwanangu. Nilikuwa kwenye zulia, kichwa chini, na nilikutoa wewe. Sikutoa mbuzi wala saumu. Nilitoa kazi yako, na msitu wako, na ile njia unayoniambia ukiipita asubuhi na mapema unasikia miti ikidondosha theluji yenyewe. Wakati ule niliona ni bei ndogo.

Alasiri ikaja mvua ya mawe, kama zinavyokuja hapa mwezi wa pili. Ilipiga mabati mpaka hatukusikiana. Ilipokatika, barabara ilikuwa nyeupe kuanzia mezani kwangu hadi kwenye robot, zile taa za barabarani. Watoto wakatoka kuyaokota mawe na kurushiana. Nilisimama nikitazama weupe ule, na nikaanza kutafuta humo ndani, mtu mzima mimi, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha. Mama Furaha akanishika mkono. "Kaa chini, Papa. Hayuko hapa."

Simu ililia saa kumi na mbili na dakika arobaini jioni, nimesharudi nyumbani, kabla tu ya magharibi. Joanna alikuwa analia, kwa hiyo nilidhani ndio mwisho wako. Kisha akasema neno "hai". Akalirudia mara tatu.

Alinieleza yote baadaye. Mti ulikuwa umeanguka juu ya njia, wewe ukauzunguka, ukaingia kwenye shimo lililofunikwa, goti likapinduka. Usingeweza kwenda kwa ski wala kwa nyungo. Ukajivuta hadi chini ya msonobari wenye matawi yaliyogusa chini, ukachimba kwa ungo, ukakata matawi ukayakalia, ukajikunja humo. Theluji ikafunika nyayo zako, ikafunika mfereji, ikafunika mlango wa shimo. Watafutaji walipita hapo mara ya kwanza wakiita, wewe umesinzia kwa baridi, hukusikia. Waliporudi, mmoja aliyekuwa pembeni kwa nyungo akaona ncha mbili nyeusi zimetokeza juu ya theluji, sambamba. Miti haioti hivyo. Akaenda kuzigusa. Chini yake ulikuwepo wewe.

Wakakupa simu ukiwa umefungwa mablanketi. Nilikuwa nimejiandaa kukuambia urudi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Nawe ukaniwahi, kwa sauti iliyokauka kama karatasi:

"Baba, usianze. Sikuzilaza."

Sikuelewa.

"Ski, Baba. Nilizivua nikazisimamisha. Kabla hata ya kuchimba. Sikufikiri, eish, mkono wenyewe ulifanya."

Mama yako aliniona nikicheka akafikiri nimerukwa na akili. Akaninyang'anya simu. Nyinyi mkalia, mimi nikaenda kukaa kwenye ngazi nikacheka peke yangu mpaka jirani wa ghorofa ya pili akachungulia. Siku ile mlimani nilifanya upumbavu mbele ya mtoto wangu. Nimeuonea haya miaka yote hii, na kila ulipowasimulia wageni nilikukatiza. Usiwe unakubali tena nikukatize.

Lakini nadhiri ilikuwa pale, imeandikwa kwa wino. Mimi sifuti kilichomo kwenye shajara. Nilizunguka nayo siku tano. Ukipiga simu unaniambia daktari amesema goti litapona na kazini wanakusubiri, nami najibu, "Alhamdulillahi," halafu nasema, "Zaituni, sikiliza," halafu nakuuliza umekula nini. Mara nne.

Siku ya tano nilimwonyesha mama yako ule ukurasa. Aliusoma amesimama, mwiko mkononi. Akasema, "Kwa hiyo ulimpa Mungu kitu cha mtu mwingine." Akarudi jikoni.

Sikuridhika na hukumu ya jikoni, unanijua. Kesho yake baada ya alasiri nilimfuata sheikh wetu. Nikamweleza kwa mpangilio, tarehe na saa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, huyo binti ana miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Miguu ya kukanyagia theluji ni ya nani?"

"Ni yake."

"Basi wewe umeweka nadhiri kwa miguu isiyo yako. Ungesema utafunga wewe, ningekuambia kafunge. Huyu huwezi kumfunga."

Akanitazama, akaongeza, "Naona moyo wako haujatulia. Lisha masikini kumi, kama kafara ya kiapo, uende ukalale."

Zaituni, nilitoka pale nikitembea kama mtu aliyevua buti iliyombana tangu asubuhi. Unajua miguu inavyopata fahamu, kidole kimoja kimoja. Nilipita robot ikiwa nyekundu, nikatukanwa na dereva wa teksi, nikampungia mkono.

Mama yako alipika pilau Ijumaa. Niliigawa palepale mezani kwangu kwa watu wanaolala kwenye vibaraza vya mtaa ule, nikihesabu, na wa kumi alipopokea nikafunika sufuria. Mama Furaha akapiga meza yake. "Papa Zaituni! Kumi na moja hamjui kuhesabu? Miye niliyefumua kiatu siku nzima?" Akala sahani mbili. Akasema pilau ya Watanzania inakosa pilipili.

Chini ya ule mstari wa nadhiri nimeandika mwingine: "Haikuwa yangu kuitoa. Kafara imelipwa. Zaituni ana ruhusa, ingawa hakuomba." Umalizie kucheka kabla hujaendelea.

Sisemi kwamba siogopi. Jana niliona utabiri wa hali ya hewa wa kwenu, nikauangalia tena baada ya saa moja kama vile ungebadilika kwa kuniona. Hofu hiyo niachie mimi, nina mahali pa kuiandika. Nakuomba mawili tu: usiende njia ya juu peke yako, na nitumie vipimo vya kamba za nyungo zako. Hizo za kiwandani nimeziona kwenye picha, mshono wake ni mmoja. Nitakushonea zenye mishono miwili, uzi wa nta, kama zile za Ntate.

Nimalizie na hili. Leo adhuhuri nilipofika msikitini nilivua ndala zangu mlangoni, nikazisimamisha, visigino chini, zimeegemea ukuta kati ya safu zote zile zilizolala. Nilipotoka nikakuta mtu mwema amezilaza na kuzigeuza zitazame nje, ili nisipate taabu. Nikamshukuru huyo mtu nisiyemjua. Kisha nikazisimamisha tena, nikazitazama kidogo, ndipo nikazivaa nikarudi kazini.

Nenda kwenye msitu wako, mama. Mfereji usiukanyage.

Ni mimi baba yako,
ambaye ski zake zilikimbia.